Alama ya Tatu Mgongoni mwa Vijiko vya Ondina

Mimi ni muuza vitasa. Vitasa vya kale, komeo, bawaba, na funguo ambazo milango yake ilishabomolewa zamani. Meza yangu iko kwenye soko la Jumamosi karibu na kivuko, hapa Rio, na anayetaka kunitibua aje asubuhi kabla sijanywa kahawa aniulize kama ufunguo fulani utafungua mlango wa kwake. Nitajuaje?

Meza ya kushoto kwangu ni ya Dona Ondina Quintela, mjane, muuza vijiko, uma na visu. Nataka kusimulia habari zake, hasa habari za ile alama ya tatu, kwa sababu pale sokoni kila mtu anaisimulia anavyopenda na wameshaikoroga mpaka haieleweki. Na mimi mwenyewe, kusema kweli, kwa muda mrefu sikuelewa chochote, ingawa nilikuwa nakaa hatua chache kutoka kwake na masikio yangu ni mazima.

Ondina ni mtoto wa dobi wa mji wa Barra do Piraí. Aliolewa na Valdemar, dereva wa lori, mwanamume mwembamba mwenye masikio makubwa, aliyekuwa akipakia majiko na majokofu hapa Rio na kuyapeleka kila pembe ya nchi. Alikuwa akiondoka wiki nzima, wiki mbili, mara nyingine zaidi. Nyuma ya lori alikuwa ameandikisha maneno, kama madereva wote, na ya kwake yalisema: ANAYENINGOJA NDIYE ANAYENIENDESHA. Ondina alijifanya kuyaonea aibu, lakini lori likipita mtaani kwao alikuwa anatoka kibarazani ili majirani wayasome.

Kwetu mtu hasafiri akarudi mikono mitupu. Hata ukienda mji wa pili kung'oa jino, watu watakuuliza kumbukumbu iko wapi, iwe kikombe, iwe kitambaa, mradi kina jina la mji. Usipoleta kitu, maana yake hukumkumbuka mtu. Valdemar alikuwa analeta vijiko. Vijiko vidogo vya kahawa, vya madini ya fedha, shina limesokotwa kidogo, na juu kabisa nembo ya mji na jina lake: Salvador, Recife, Cuiabá, Brasília, Fortaleza, Porto Alegre, Belém. Ondina alivipanga kwenye kabati la kioo sebuleni, vimechomekwa kwenye ubao wenye matundu, nyuso mbele, migongo ukutani. Hakuna mtu aliyewahi kukorogea sukari kwa kijiko kimojawapo. Kila mwezi alivipangusa kwa kitambaa laini, akaona migongoni kuna vialama vialama, akavirudisha. Nani anayesoma mgongo wa kijiko?

Kitu kimoja tu cha Valdemar kilimkera: sigara. Alivuta mpaka mapazia yakawa rangi ya chai. Basi, kabla hata ya kijiko cha kwanza, Ondina akaenda kwa Mama Yetu wa Penha, Bikira Maria wa kanisa lile la juu ya mwamba ambalo dirisha la jikoni kwake linaliona, akapanda ngazi zote kwa magoti na kuweka nadhiri: mume akiacha, yeye atapanda tena kila mwaka mpaka magoti yakatae. Valdemar alipoambiwa alitupa pakiti kwenye pipa. Tangu siku hiyo hakuvuta tena nyumbani. Badala yake akaanza kutafuna. Kalamu, mpini wa kitana, vibanio vya nguo, chochote kilichokuwa karibu. Ondina aliwaambia majirani kwamba amebadilishiwa mume, amepewa panya. Hata hivyo alipanda Penha kila mwaka kama alivyoahidi, ila moyoni alikuwa na dukuduku. Nyumbani havuti, sawa. Huko barabarani, peke yake ndani ya lori, nani anamwona?

Na hapo ndipo alipoingilia Jandira, dada yake mkubwa. Mimi nauza komeo za kila namna, lakini ya kutosha mdomo wa Jandira sina. Yeye tangu zamani alishikilia neno moja, kwamba Belém ya Valdemar iko Madureira. Madureira ni mtaa wa papa hapa mjini, unafika kwa treni kabla karanga hazijaisha kwenye karatasi. Maana yake ilikuwa wazi: mwanamume anayekosekana wiki mbili ana nyumba ya pili. Jandira hakuwa na ushahidi wowote, alikuwa na methali tu. Lisemwalo lipo, alikuwa akisema, na kama halipo laja.

Ondina hakubishana. Alikuwa akilifungua kabati na kuviacha vijiko viseme. Hivi vimetoka wapi kama hakwenda? Jandira alikuwa ananyanyua kikombe chake. Vijiko vile, kwa hiyo, havikuwa pambo. Vilikuwa mashahidi wake, na ndoa yote ilikuwa imesimama pale juu ya ubao wenye matundu.

Valdemar alikufa akiwa ameketi kibarazani akisikiliza mpira redioni. Nyumba ikawa kimya mno, na Ondina akaja sokoni kutafuta kelele. Alianza na sanduku moja la uma zisizofanana. Akajifunza kazi. Akajifunza kwamba nyuma ya kijiko ndiko kwenye cheti chake cha kuzaliwa: kuna alama ya karakana iliyokitengeneza, na kuna namba ya kiasi cha fedha iliyomo. Ukiona 800, ni sehemu mia nane za fedha katika elfu, zilizobaki ni shaba. Ukiona 90, usikimbie kushangilia, hicho ni kijiko cha madini magumu kilichopakwa fedha juu juu. Mimi hili lilinichanganya na linanichanganya hadi leo. Mtu mwenye akili timamu akiambiwa kuna tisini na kuna mia nane, na mia nane ndiyo kitu halisi, atadhani tisini ni kipande kidogo tu cha hiyo mia nane, au atadhani ni tisini katika mia, ambayo ni nyingi zaidi! Wateja wote huangukia hapo. Ondina alikuwa anawaeleza kwa upole, nami namsikiliza kila Jumamosi, na kila Jumamosi naelewa mpaka anaponyamaza.

Sasa, ajabu ya binadamu. Mwanamke huyu aligeuza vijiko vya watu miaka nenda miaka rudi, akasoma migongo ya vijiko vya mabibi waliokufa na familia zilizofilisika, na hata siku moja hakuwaza kugeuza vya kwake. Havikuwa bidhaa. Vilikuwa Valdemar.

Aliyemharibia usingizi ni mkusanyaji mmoja wa vijiko vya kumbukumbu, Seu Otacílio, yaani Bwana Otacílio, mstaafu mwenye shati la mikono mifupi na kioo cha kukuzia kilichoning'inia shingoni. Alikuja na kijiko cha Recife alichonunua meza nyingine, akitaka Ondina amthibitishie. Ondina akakitazama uso, akatabasamu, akasema anacho kama hicho nyumbani, mumewe alimletea kutoka huko huko Recife.

"Kutoka Recife?" Seu Otacílio akakigeuza. "Dona Ondina, si unamwona kobe huyu? Kobe ndani ya duara. Hii ni karakana ya hapa hapa Rio, barabara ya tatu kutoka tulipo. Hiki hakikuzaliwa Recife, mama. Ni mwenzetu."

Kobe yule Ondina alimjua vizuri, alikuwa amemwona kwenye sinia na vikombe vya watu. Nilimwona akikishika kile kijiko kama mtu aliyepewa barua ya mtu mwingine. Akasema labda ni huyo mmoja. Akafunga meza yake mapema, jambo ambalo halikuwahi kutokea hata siku za mvua.

Jumamosi iliyofuata alikuja na vijiko vyake vyote saba vimefungwa kwenye taulo la jikoni. Alivilaza kifudifudi juu ya meza yangu, kati ya vitasa, kwa sababu ya kwake aliona ina macho mengi. Kobe, kobe, kobe. Salvador kobe, Porto Alegre kobe, Belém iliyo mwisho wa dunia, kobe. Na namba 800 pembeni. Brasília peke yake haikuwa na kobe, ilikuwa na namba 90.

"Jirani," akaniambia, na sauti yake ilikuwa ndogo, "sitaki kujua bei. Nataka kujua kama mume wangu alikuwa anakwenda, au alikuwa haendi."

Ningemwambia nini? Nilipenda kumwambia kwamba alikuwa anakwenda. Lakini kobe saba kasoro mmoja walikuwa wananitazama, na mimi si mtu wa kusema uongo mbele ya ushahidi. Nikashika kijiko cha Belém ili nipate kitu cha kufanya, na hapo ndipo nilipoiona alama ya tatu.

Ilikuwa chini ya kobe na namba, pale shina linapokutana na tumbo la kijiko. Kishimo kimoja, na ubavuni mwake kimstari kimelala kimshazari. Nikachukua Fortaleza: kishimo na mstari. Porto Alegre: hivyo hivyo, ila hafifu. Kumbe Ondina alikuwa ameshaiona usiku wa kuamkia Ijumaa na haikumwacha alale. Tena, akanionyesha, haikuwa moja. Vijiko vya kwanza alivyoletewa, Salvador, Recife na Cuiabá, vilikuwa na vishimo viwili vilivyokaa sambamba, bila mstari. Kisha ikaja Brasília, haina kitu. Baada ya Brasília, vyote vina kishimo kimoja na mstari. Mpangilio wa kuja kwao aliujua bila kukosea, kwa sababu kila kijiko kilikuja na jambo lake: Cuiabá siku bintiye alipoanza kutembea, Fortaleza wakati wa mafuriko, hivyo hivyo.

Penye wazee hapaharibiki neno, wanasema. Basi soko letu lina wazee watupu na neno liliharibika kabla ya saa sita mchana. Seu Otacílio alikuja na kioo chake akatangaza kwamba ni alama ya mkaguzi wa serikali, na kwamba mkaguzi wa kwanza alistaafu akaja mwingine, ndiyo maana ilibadilika. Muuza saa akasema haiwezekani, mkaguzi gani anapiga mhuri uliopinda, ile ni alama ya fundi aliyechomelea nembo. Mama wa vitambaa, ambaye hakuulizwa, akasema ni alama za siri za wezi. Mwingine akasema vishimo viwili ni jinsia. Jinsia ya nini, hakueleza. Kufikia jioni nilikuwa nimesikia maelezo mengi kiasi kwamba nilianza kutilia shaka hata kobe kama kweli ni kobe. Ondina alikaa katikati ya watu hao wote, taulo mapajani, anageuza uso kumfuata kila anayesema, na kila aliyesema alimwongezea giza.

Nilikasirika. Niliwakasirikia wale wajuaji, nikamkasirikia na marehemu, ambaye kama angeleta vitambaa kama watu wengine tusingefika hapo. Nikamwambia Ondina tuache kuuliza walio karibu, tukamuulize mwenye kobe.

Karakana yenyewe ilishafungwa, chini sasa wanauza vifuniko vya simu, lakini fundi wa mwisho, Seu Hermínio, bado anakaa ghorofani na anatengeneza hereni za watu dirishani. Tulipanda kwake siku ya Jumatano. Ni mzee mfupi, mikono myeusi ya dawa ya kusugulia, na alitupokea kwa kahawa tamu mno. Alipofunguliwa taulo alifurahi kama aliyerudishiwa wajukuu. Kobe ni wake, akasema, na nyundo iliyompiga anayo mpaka leo. Brasília peke yake akaisukuma pembeni kwa kidole. Hiyo si yao, hiyo ni ya kupakwa, ngumu kama msumari, wakati fulani fedha ilipanda bei na madukani wakaingiza hizo.

Ondina akauliza lile lililomleta. Vijiko vyenye jina la Belém viliuzwa wapi?

Seu Hermínio akasema viliuzwa Belém. Kila mji uliokuwa na duka la kumbukumbu ulikuwa unaagiza kwao, wanavifunga kwenye maboksi na kuvituma. Nikamwona Ondina anavuta pumzi, mabega yanashuka. Kisha mzee akakoroga kahawa yake na kuongeza kwamba viliuzwa pia pale chini, kwenye kaunta. Madereva wa malori walikuwa wateja wao wakubwa.

"Madereva?" akasema Ondina.

"Ndiyo, mama. Lori linashusha mizigo nje ya mji, usiku, duka gani litakuwa wazi? Na nyumbani wanasubiri kumbukumbu. Kwa hiyo wananunua hapa hapa."

"Wakirudi."

"Hapana, wakienda. Akirudi mtu amechoka, anataka kitanda chake. Wananunua asubuhi ya kuondoka, wanatia mfukoni, mambo yamekwisha."

Sikupenda uso alioufanya Ondina. Kwa sababu, ukifikiri, mtu anayenunua Belém asubuhi hapa mjini, mfukoni tayari ana ushahidi. Sasa ana haja gani ya kwenda Belém? Treni ya Madureira ipo. Nilimuuliza Seu Hermínio kama anamkumbuka Valdemar, mwembamba, masikio makubwa. Akasema madereva wote kwake walikuwa kofia moja. Kobe, akasema tena kwa huruma, anakwambia kijiko kimezaliwa wapi. Hakwambii kimetembea wapi.

Na alama ya tatu? Hapo mzee alivaa miwani, akakiinua kijiko cha Belém kwenye mwanga, na uso ukamkunjamana. Hiyo hakuipiga yeye wala mtu yeyote wa karakana yake. Mhuri hupigwa kwa pigo moja na kingo zake huwa kali. Vishimo hivi vimeminywa polepole, mara nyingi, tena pande zote mbili, akatuonyesha mbele pia kwenye msokoto kuna vishimo hafifu. "Kuna mtu amenichezea kazi yangu," akasema, na alikuwa amekasirika kweli. Tulishuka ngazi tukiwa tumechanganyikiwa kuliko tulivyopanda. Mimi nilikuwa na maswali mawili nilipofika, nikaondoka na manne.

Jumapili Ondina alinialika nyumbani kwake, mtaa wa Olaria, kwa keki ya mahindi. Jandira alikuwepo, bila shaka, ameketi mahali pa mwenye nyumba mezani na nywele zimesukwa upya. Alikuwa ameshasikia yote. Nilitarajia atafurahi, na labda alifurahi kidogo, lakini nampa haki yake, alizungumza kwa upole.

"Mdogo wangu, viuze," akasema. "Mtu mwenyewe keshakufa. Unavitazama vya nini, vikuchome?"

Ondina akasema ndiyo, ameamua hivyo. Seu Otacílio alishaonyesha kuvitaka vyote saba. Alikuwa amevipanga mezani kwa utaratibu wa kuja kwao, kutoka Salvador mpaka Belém, na pembeni kuna mfuko wa karatasi wa mkate. Akasema avitie humo na aandike jina la Otacílio juu, ili asije akabadili nia. Sauti yake haikutetemeka. Mimi ndiye niliyesukuma sahani ya keki pembeni.

Kando ya kalenda jikoni kwake huning'inia kalamu ya risasi kwa uzi. Ilikuwa ya Valdemar, ya kuandikia namba zake za bahati nasibu, na baada ya kufa kwake hakuna aliyeitoa. Ondina alinyosha mkono, akaivuta, akainama kuandika. Akaandika herufi ya O. Kisha mkono ukasimama.

Nilidhani amelemewa. Alikuwa anaitazama kalamu. Aliizungusha polepole kati ya vidole, akaukata uzi kwa kisu cha mkate, akailaza mezani kando ya kijiko cha Belém.

Rangi nyekundu ya kalamu ilikuwa imetafunwa. Kishimo kimoja, na kando yake mstari uliolala kimshazari. Juu yake tena, kishimo na mstari. Na tena.

 Ondina akainuka akaenda chumbani, tukamsikia anafungua droo, akarudi na kitana cha mpini wa pembe, zawadi ya harusi yao. Akakilaza upande wa pili, karibu na Salvador. Kwenye mpini, vishimo viwili sambamba.

"Alikuwa na meno mawili ya mbele mazuri nilipoolewa naye," akasema. "Moja lilivunjika kipembe. Jandira, unakumbuka lilivunjika lini?"

Jandira alikumbuka. Nani asingekumbuka, alisema, alikuja kwenye ubatizo wa mtoto wa jirani anacheka mdomo umefunikwa kwa mkono. "Alipotoka Brasília."

"Alipotoka Brasília. Akaniambia ni mfupa wa nyama choma."

Nikachukua kijiko cha Brasília, kile kigumu, cha kupakwa, kisicho na alama. Nilikipeleka dirishani. Pale shina linapokutana na tumbo, fedha ilikuwa imebanduka kipande kidogo kama cha punje ya ufuta, na chini yake madini ya kijivu yanaonekana. Hakikuminyika. Vile vingine vya fedha vilikuwa vimekubali meno yake, hiki kilikataa, na barabara ya Brasília ina mashimo. Nikawaeleza hivyo, nikijikwaa kwa maneno, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu shauri hili lianze nilikuwa naelewa kitu, na sikuwa nimezoea.

"Mfupa," akasema Ondina. "Mwongo mkubwa." Na machozi yalikuwa yanamtoka huku anacheka.

Jandira si mtu wa kushindwa hivi hivi. Alivuta Belém karibu, akaitazama sana, akairudisha. Akasema sawa, ni meno yake, hakatai. Lakini meno hayasemi njia. Mtu anaweza kutafuna kijiko popote, hata Madureira.

Ondina alijifuta uso kwa ncha ya aproni. Alipanga upya vijiko vitatu vya mwisho, bila haraka, na kutuonyesha kwa kidole. Porto Alegre, ambako ni karibu, alama zimepita juu juu. Fortaleza, mbali, zimezama. Belém, ambako lori linakwenda mpaka dereva anasahau jina lake, kijiko kimetafunwa mpaka shina limepinda.

"Hii ni njia, dada," akasema. "Amekaa ndani ya lori peke yake, hakuna wa kumwona, sigara zinauzwa kila kituo. Akatafuna kijiko changu kwenda na kurudi. Mwanamume aliye kwa mwanamke mwingine anatafuna kijiko?"

Jandira akafungua mdomo. Akaufunga. Kisha akanyanyua birika akammiminia mdogo wake kahawa, na akamtilia sukari mwenyewe, kitu ambacho Ondina aliniambia baadaye hakikutokea tangu wakiwa watoto Barra do Piraí.

Kupitia dirishani Penha ilikuwa inaonekana juu ya mwamba wake. Miaka yote ile Ondina alipanda ngazi zile kwa magoti kutimiza nadhiri ambayo hakuwa na hakika kama upande wa pili ulitimizwa. Sasa ushahidi ulikuwa mezani, kando ya keki, na ulikuwa ndani ya kabati lake muda wote, mgongo ukutani.

Mfuko wa karatasi wenye herufi moja ya O aliukunja akautia kwenye taka. Kisha akakichukua kijiko cha Belém. Nilidhani atakorogea kahawa, hatimaye. Badala yake alikigeuza, akakitia mdomoni kwa ubavu, pale pale penye vishimo, akawa anasogeza taya polepole kutafuta mahali, mpaka meno yake yakatulia ndani ya alama za meno ya mumewe. Akafumba macho, akakaa hivyo.

Jandira akageuka akatazama kalenda. Mimi sikujua pa kutazama. Sijawahi kumwonea wivu mtu aliyekufa, lakini siku ile nilimwonea.